Mburungo ya Kiende

Kagwiria alijua mambo yameharibika alipomkuta mama yake amevaa kitenge cha harusi siku ya Jumamosi, saa nane mchana, na hakuna harusi.

Kathambi hakuwa mwanamke wa kuchezea nguo. Kitenge kile kilitoka sandukuni kwa sababu tatu tu: harusi, Krismasi na ujio wa askofu. Leo alikuwa nacho jikoni, amejifunga leso kuukuu juu yake, anageuza nyama kwenye sufuria, na hataki kumtazama binti yake machoni.

"Mama, kuna nini?"

"Karibu nyumbani. Nawa uso, umejaa vumbi."

"Baba amenipigia jana. Ati, 'Kesho uwe Kianjai kabla ya saa tisa, na hakuna mtu amekufa.' Kisha akakata simu. Mama, sijalala. Kiende yuko wapi? Ni mgonjwa?"

"Nani amekuambia ni mgonjwa? Yuko nyuma ya tangi la maji. Anasoma."

Kagwiria aliweka mkoba chini polepole. "Anafanya nini?"

"Anasoma kitabu. Tangu Jumatano. Hata chakula tunamwita mara tatu." Kathambi alijipangusa jicho kwa pembe ya leso, akasingizia moshi. "Usiende kumsumbua. Baba yako anakungoja sebuleni."

Kiende alikuwa na miaka minane. Mama yake, Joyline, dada mkubwa wa Kagwiria, alizikwa miezi kumi na minne iliyopita, ng'ambo ya migomba. Kabla ya siku hiyo mtoto yule alikuwa akisoma chochote chenye herufi: pakiti ya chumvi, kalenda ya kanisa, gazeti lililofungiwa ndizi. Baada ya mazishi aliacha. Shuleni alikwenda, akaandika alichoambiwa aandike, lakini ukimpa kitabu cha hadithi alikurudishia kwa adabu, kama mtu aliyepewa chenji isiyokuwa yake. Kusema kweli, ni kwa ajili ya mtoto huyo Kagwiria aliacha kazi ya kufundisha Gredi ya Tatu na kuingia katika mambo ambayo baba yake mpaka leo huyaita "ile biashara ya mifuko".

Sebuleni, Mzee Kailemia alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kofia juu ya goti. Mezani, mbele yake, palikuwa na majani ya mgomba yaliyokwisha kusinyaa, yamekunjwa vizuri. Juu ya majani palikuwa na kamba ndefu ya mgomba, imezungushwa mduara.

Kagwiria alikaribia meza. Binti yeyote wa huku Tigania anajua maana ya majani yale na kamba ile. Miraa ya kuuza hufungwa kwa haraka, alimradi isinyauke njiani. Lakini kuna furushi moja ambalo halifungwi na kila mtu wala halipelekwi kila siku. Hilo ndilo mburungo. Kijana akimtaka msichana, hatumi barua wala ujumbe wa simu. Huchaguliwa miraa iliyo bora, ikafungwa kwa namna yake, ikapelekwa kwa baba wa msichana. Mzee akikataa, huirudisha ilivyokuja. Akiifungua, amefungua na mlango wa nyumba.

"Baba," Kagwiria alisema, "umeifungua."

"Nimeifungua."

"Ni ya Kathuri?"

Kathuri alikuwa mfanyabiashara wa miraa pale sokoni, mwenye pikapu mbili na kicheko cha kuazima, na tangu mwaka jana alikuwa akimsalimia mzee kwa mikono miwili.

"Hata mimi nilifikiri ni ya Kathuri!" Mzee Kailemia alipiga goti, kofia ikaanguka. "Ilikuja Jumatano na pikapu ikirudi kutoka Embu. Imefungwa vizuri, Kagwiria. Vizuri kabisa! Sijaona mkono kama huo tangu ile nilifungiwa mimi nikimtaka mama yako. Nikasema, huyu amejua heshima. Nikafungua hapo nje, mbele ya mzee Njura na wazee wengine wawili."

"Halafu?"

"Halafu hakuna miraa. Nikatikisa. Nikapindua. Hata kijiti kimoja! Ndani ni kitabu cha mtoto, na karatasi. 'Kwa Kiende. Kutoka kwa Mutegi wa Siakago.' Na namba ya simu." Alimkazia macho. "Njura alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Sasa niambie, mwanangu. Mutegi ni nani?"

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kagwiria alikuwa ameyaficha miezi minane, na sasa alihisi uso wake ukimsaliti kuanzia masikioni.

Mutegi alikuwa kijana mrefu wa maneno machache, mtaalamu wa kompyuta, aliyekuja siku moja kwenye chumba alichokodi Kagwiria mtaa wa Dallas mjini Embu, nyuma ya saluni, akamwambia, "Nimesikia unatafuta mtu wa kukusaidia kuwachagulia watoto vitabu." Huduma yao waliiita Kitabu Chako. Mtoto alijibu maswali machache kwenye simu ya mzazi au ya mwalimu: anapenda nini, anaogopa nini, nini humchekesha. Programu ya Mutegi ilipendekeza vitabu vitatu. Kagwiria akachagua kimoja, akakitia kwenye mfuko wa kitambaa wenye jina la mtoto, ukapelekwa shuleni. Baada ya wiki mbili mfuko ulirudi, na ndani yake maoni ya mtoto. Walianza na watoto tisa. Wakafika sitini, kutoka Embu mjini mpaka Siakago. Na kati ya mfuko wa tisa na wa sitini, baina ya chai ya saa nne na kubishana juu ya vitabu vya fisi, walipendana.

Kisha ikafika zamu ya Kiende.

Kagwiria alikuwa amempa mtoto simu yake mwenyewe wakati wa likizo. Kiende alijibu maswali matatu akiwa ameinamisha kichwa. Swali la nne liliuliza: Nani hukusomea nyumbani? Na chini yake majibu ya kuchagua, la kwanza kabisa likiwa Mama. Mtoto aliitazama simu kitambo, akaizima, akamrudishia Kagwiria bila neno, akaenda kulala mchana.

Siku ile aliporudi Dallas, Kagwiria aliwaka. "Mashine yako haina macho!" alimwambia Mutegi. "Inauliza watoto kama karani wa hospitali!" Na Mutegi, aliyekuwa amekesha siku mbili akirekebisha programu hiyo hiyo, alijibu jambo ambalo angetoa kidole alirudishe: "Kagwiria, huwezi kujenga huduma ya watoto wote juu ya matanga ya mtu mmoja."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kagwiria alichukua koti lake akatoka. Alimzuia kwenye simu siku hiyo hiyo. Wiki sita zilipita, mifuko ikiendelea kwenda kupitia kwa msichana wa saluni, wao wawili wakipishana zamu kama walinzi, kila mmoja akiiacha ofisi kabla mwenzake hajafika. Usiku alimlilia. Mchana alimkasirikia. Hilo halikuwa jambo la kumweleza Mzee Kailemia.

"Tunafanya kazi pamoja, Baba," alisema.

"Kazi." Mzee aliitikia kwa kichwa. "Mtu wa Siakago. Baba yake analima nini?"

Kagwiria alisita. "Ndengu. Na anafuga mbuzi."

"Na?"

"Na... muguka kidogo."

"Muguka!" Kathambi aliitika kutoka jikoni, na mwiko ukagonga sufuria.

Msomaji ambaye hajakaa na wakulima wa miraa hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwa Mzee Kailemia, miraa ilikuwa urithi, miti iliyopandwa na babu wa babu yake. Muguka ya Mbeere, huko Siakago, ilikuwa majani tu ya kutafuna, kitu cha watu wenye haraka.

"Mtu wa muguka ametuma mburungo bila miraa," alisema mzee taratibu, akiyapima maneno. "Sijui kama ni tusi, sijui kama ni wazimu. Ndiyo maana nimempigia. Atafika saa tisa."

"Baba! Umempigia? Anakuja hapa? Leo?"

"Unafikiri mama yako amevalia ng'ombe hicho kitenge?"

Mutegi alifika saa tisa kasoro dakika kumi. Kagwiria alimwona kupitia pazia, akija polepole kando ya miti ya miraa, shati jeupe, viatu vimeshika vumbi jekundu. Alikuwa amekonda. Moyo wake, ambao wiki sita alikuwa akiufunza ukali, ulisahau masomo yote kwa mara moja. Mkononi kijana alibeba mtungi wa plastiki uliofunikwa kwa karatasi.

Alipoingia macho yao yalikutana, yakakimbiana, yakarudi. Mutegi alimsalimia mzee kwa mikono miwili, akamsalimia Kathambi, kisha akasimama mbele ya Kagwiria kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Habari yako."

"Nzuri."

"Kiende ni mzima? Mzee aliponipigia alisema tu nije. Nimeogopa njia nzima."

"Ni mzima."

Kathambi aliunyooshea kidole mtungi. "Na hiyo ni nini umebeba?"

"Ni asali, Mama. Ya kwetu. Mama yangu amesema mtu haendi nyumbani kwa watu mikono mitupu."

Kathambi na mumewe walitazamana. Kwa Wameru asali ni ya posa.

"Asali pia," alisema Kathambi, akaketi.

Mzee Kailemia alikohoa kidogo, akayasogeza majani mbele ya mgeni. "Kijana, keti. Nataka kukuuliza, na unijibu kama mwanamume. Hii ni nini?"

Mutegi alitazama. "Ni majani niliyofungia kitabu cha Kiende."

"Nani alikufungia?"

"Mtu mmoja anauza miraa soko la Embu, anaitwa Kiambi. Ni wa huku kwenu. Kagwiria aliwahi kuniambia hapa Kianjai mtoto akiona furushi la majani ya mgomba anafurahi, anajua ni kitu cha nyumbani. Basi nikamwambia Kiambi, 'Nifungie hiki kwa heshima, kinaenda Kianjai kwa Mzee Kailemia, kuna msichana pale nataka afurahi.'"

"Ulimwambia hivyo? 'Kuna msichana'?"

"Ndiyo. Kiende ni msichana."

"Na Kiambi akasema nini?"

"Akacheka sana. Akafunga karibu saa nzima. Nilipotaka kulipa akakataa, akanishika mkono akasema Mungu anibariki." Mutegi aliwatazama mmoja mmoja. "Nilifikiri ni mtu mzuri tu."

Mzee alimtazama mkewe. Kisha mabega ya Kathambi yakaanza kutikisika, akajiziba mdomo kwa leso. Lakini mzee hakucheka.

"Kijana, hiyo ni mburungo. Hiyo ni kuomba mke. Na mimi nimeifungua mbele ya wazee. Ulijua?"

Rangi ilimtoka Mutegi usoni. Alimgeukia Kagwiria, akamrudia mzee.

"Hapana, Mzee. Nisamehe. Sikujua."

Neno hilo moja lilimchoma Kagwiria mahali asipopatarajia. Kwani yeye alitaka nini? Si alikuwa amemkasirikia? Si alikuwa amemzuia kwenye simu? Lakini tangu alipoiona ile kamba mezani, kona moja ya moyo wake, kona jeuri isiyosikia, ilikuwa imesema: amekuja kukuomba. Sasa kona hiyo ilizimika, na alilazimika kutazama sakafu ili asilie mbele ya wazazi wake.

"Basi," alisema Mzee Kailemia, na sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Kama hukujua, hakuna posa. Na kama hakuna posa, mburungo haiwezi kulala kwangu. Njura na wenzake wananingoja niseme. Itarudi nawe kama ilivyokuja. Majani, kamba, na kile kilikuwa ndani."

"Kitabu?" Kagwiria aliinua kichwa. "Baba, hapana! Kitabu ni cha Kiende."

"Kilikuja ndani ya mburungo."

"Mtoto hajasoma mwaka mzima! Umemwona mwenyewe. Utamnyang'anya?"

"Wewe unataka niwaambie wazee nini? Kwamba nimekula posa ya watu nikanyamaza? Kwamba mlango wangu unafunguliwa kwa bahati mbaya?" Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Unafikiri mimi napenda? Jana alinisomea ukurasa mmoja. Mimi, babu yake. Aliniita mwenyewe."

Kagwiria aliona njia mbili mbele yake, na zote zilikuwa na miiba. Angeweza kusema, Baba, Mutegi anaona haya tu, alimaanisha. Kitabu kingebaki. Lakini angemfunga mwanamume kwa kamba aliyofungiwa na muuza miraa mcheshi, na maisha yake yote angejiuliza kama alipendwa au aliaibishwa akakubali. Na akinyamaza, Kiende angekabidhi kitabu kile kwa adabu yake ileile, na safari hii pengine asifungue kingine tena.

Hakunyamaza, wala hakudanganya.

"Mutegi," alisema, na akashangaa kusikia sauti yake imetulia. "Nakuuliza mbele ya Baba na Mama. Ungejua, ungetuma?"

Kathambi aliishusha leso mdomoni. Mutegi aliitazama mikono yake, kisha akamtazama yeye, na safari hii macho hayakukimbia.

"Ningejua, ningeogopa," alisema. "Ukweli ni huo. Ningeogopa miraa yangu isiwe nzuri, ningeogopa baba yako asikie habari ya muguka. Pengine ningekaa mwaka mzima nikitafuta maneno. Lakini ningetuma, Kagwiria. Tangu mfuko wa ishirini na tatu nilijua nitatuma. Siku ile ulikataa kumpelekea yule mtoto wa Siakago kitabu cha simba kwa sababu ulisema anaogopa giza, na simba wa kile kitabu anakuja usiku. Nilisema moyoni, huyu ndiye."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia ujinga badala yake. Ati matanga ya mtu mmoja." Aliigusa kamba mezani. "Umenizuia kwenye simu, na nilistahili. Kwa hiyo nikafungua majibu ya Kiende, yale matatu aliyojibu kabla ya kuzima. Hakuna mtu alikuwa ameyasoma. Wewe uliudhika, mimi nilijitetea, majibu yakakaa tu hapo. Unajua tulimuuliza anaogopa nini?"

"Aliandika nini?"

"'Watu wakiniambia pole.'"

Kagwiria alijiziba mdomo. Miezi kumi na minne nyumba hii, kanisa, shule, soko lote la Kianjai lilikuwa likimwambia mtoto yule pole. Yeye mwenyewe alimwambia kila alipomkumbatia.

"Nilitafuta kitabu chenye hata mtu mmoja asiyesema pole," Mutegi aliendelea. "Sikupata. Nikaandika. Sijui kuandika, nimechora mbuzi anafanana na mbwa. Na lile swali la nani hukusomea nimelitoa kwa watoto wote. Nimeweka lingine: 'Kuna kitu hupendi kuambiwa?' Watoto arobaini wamejibu. Kagwiria, ukisoma hayo majibu utakaa chini."

"Babu."

Waligeuka wote. Kiende alikuwa amesimama mlangoni, miguu pekupeku, kitabu amekikumbatia kifuani. Kilikuwa daftari tu, lililoshonwa kwa uzi mgongoni, na juu yake picha ya mbuzi ambaye kwa kweli alifanana na mbwa. Haikujulikana amesikia mangapi, ila alikuwa amesikia ya kutosha, kwa maana mdomo wake ulikuwa umekaza.

"Mnarudisha kitabu?"

Babu yake aliyatazama majani mezani. Kiende alimtazama Mutegi.

"Ni wewe Mutegi?"

"Ni mimi."

"Ukurasa wa mwisho uliacha mtupu."

"Niliacha makusudi. Ni wako."

"Nimeuandika." Alifikiri kidogo. "Kama mnakirudisha, ngoja kwanza nisome. Kwa sababu mtaenda nao."

Mtoto akakifungua kitabu. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya maneno, na Kathambi, aliyekuwa hajaisikia sauti ile ikisoma tangu mazishi, alishika mkono wa mumewe bila kujua.

Kilikuwa kisa cha msichana aliyepotelewa na mbuzi wake. Kila aliyekutana naye njiani alimwambia pole, na kila aliposikia pole alikuwa akitembea haraka zaidi, mpaka akafika mahali pasipo na watu. Hapo akamkuta mzee akichonga mzinga wa nyuki. Mzee hakumwambia pole. Alimwuliza, "Mbuzi wako alikuwa akipenda nini?" Msichana akaketi chini. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kisha akaanza kumwambia.

Kiende alifungua ukurasa wa mwisho. Hapo mwandiko ulikuwa wa penseli, mkubwa, umepanda mlima.

"'Mbuzi wangu alipenda chumvi,'" alisoma. "'Mama yangu alipenda chai ya tangawizi. Alipenda kuvaa viatu vya nyanya vya kanisa bila kuomba. Alipenda kunisomea, lakini alikuwa anaruka kurasa akichoka, akifikiri sijui. Nilikuwa najua. Sikumwambia kwa sababu nilipenda sauti yake.'"

Alifunga kitabu. Akaenda mpaka mezani, akakiweka juu ya majani ya mgomba, akakinyoosha kikae sawa.

"Nimemaliza," alisema.

Kathambi alikuwa akilia wazi, kitenge cha harusi na yote. "Viatu vyangu," alisema. "Nilijua ni yeye. Kila Jumapili kisigino kimelegea, nilijua ni Joyline!" Na katikati ya machozi akacheka, na Kiende, aliyekuwa akiwatazama watu wazima kwa tahadhari, akacheka pia, kidogo, kama anayejaribu maji kwa kidole.

Mzee Kailemia aliinuka. Alikiinua kitabu kwa mikono miwili akampa mjukuu wake.

"Hiki hakirudi," alisema.

"Na wazee, Baba?" aliuliza Kagwiria.

"Wazee nitawaita wasikie mtoto akisoma. Halafu Njura acheke tena kama anaweza." Aliichukua ile kamba ya mgomba, akaizungusha mkononi mwake mara tatu, akamgeukia Mutegi. "Wewe kijana. Majani nitapea ng'ombe. Kamba hii chukua. Ukiirudisha hapa, iwe mikononi mwa baba yako na wazee wake, na iwe imefunga miraa. Miraa, nimesema. Nikipata hata jani moja la muguka ndani, utarudi Siakago na njaa."

"Ndiyo, Mzee."

"Na huyo Kiambi aifunge tena. Ako na mkono mzuri."

"Sasa mkae mle," alisema Kathambi, akiinuka. "Nyama inaungua. Na hiyo asali nipe mimi. Hiyo tayari imefika."

Jioni ilipoanza kupoa, Kagwiria alimsindikiza mgeni mpaka langoni. Walitembea bila kugusana, kwa sababu Kathambi alikuwa dirishani na hakujificha. Miti ya miraa ilisimama pande zote mbili, matawi mekundu nchani. Langoni Mutegi alisimama, kamba mkononi, hajui aitie mfukoni au aishike.

"Bado umenizuia kwenye simu?"

"Bado."

"Basi nitakuambiaje siku tunayokuja?"

Kagwiria alimnyang'anya kamba, akamfungia kwenye kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili, na vidole vyake vikachelewa pale kuliko fundo lilivyohitaji. Alihisi damu ikimpiga mwanamume yule chini ya ngozi, mbio mbio.

"Usiipoteze," alisema. "Baba ameshaipima urefu."

"Kagwiria, nisamehe."

"Nilikusamehe ulipotaja mfuko wa ishirini na tatu. Nilinyamaza tu uteseke kidogo."

Nyuma yao, kutoka sebuleni, walisikia sauti ya Kiende ikianza tena ukurasa wa kwanza, na sauti nzito ya mzee ikimkatiza: "Ngoja, usikimbie. Rudia hapo kwa mbuzi."

Mutegi alikuwa ameshapiga hatua kumi barabarani simu yake ilipolia. Alitazama jina, akageuka. Kagwiria alikuwa pale pale langoni, simu sikioni, anamtazama.

"Halo?" alisema Mutegi.

"Siku mtakayokuja na wazee," Kagwiria alimwambia, "njoo na kitabu cha pili. Hiki Kiende amekimaliza."